Umenyimwa Zabuni ya Usafiri wa Umma? Hivi Ndivyo Unavyopinga Uamuzi

Barua ya kukosa zabuni huwa fupi. Inakushukuru kwa kushiriki, inasema zabuni yako haikufanikiwa, inamtaja mshindi na bei yake, halafu inafuata saini. Miezi miwili ya kukesha na majedwali ya ratiba, bei za vipuri na vyeti vya madereva imekwisha kwa aya tatu. Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mawili: kumpigia simu ofisa manunuzi wanayemfahamu, au kukaa wiki nzima wakinung'unika kwamba mshindi alijulikana tangu mwanzo. Simu inaweza kukuponza. Wiki ya manung'uniko inaweza kukuponza zaidi, kwa sababu siku za kulalamika zimeshaanza kuhesabiwa.

Mwongozo huu ni wa mzabuni aliyeomba kazi kwa shirika la usafiri wa umma: kuendesha njia za mabasi, kuuza mabehewa, kufunga mfumo wa tiketi, kujenga vituo, hata kufagia karakana. Sheria hutofautiana nchi na nchi, lakini hatua zenyewe zinafanana karibu kila mahali.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla hujahesabu makosa

Chukua karatasi moja. Andika tarehe iliyo kwenye barua, tarehe iliyotumwa, na tarehe uliyoipokea. Tatu hizo mara nyingi hazilingani, na sheria au nyaraka za zabuni zitakuambia ni ipi inayoanzisha hesabu. Chini yake andika: siku ya mwisho ya kuomba maelezo, siku ya mwisho ya kuwasilisha lalamiko, siku ambayo shirika linaruhusiwa kusaini mkataba na mshindi, siku zabuni yako inapoisha uhai, na siku dhamana yako ya zabuni inapokoma. Bandika karatasi hiyo ukutani.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu manunuzi ya serikali unazitaka nchi zilizojiunga nao zimpe mzabuni siku zisizopungua 10 za kuandaa na kuwasilisha pingamizi. Katika Umoja wa Ulaya, taarifa ikitumwa kwa njia ya kielektroniki, mkataba hausainiwi mpaka zipite angalau siku 10. Kenya, kwa sheria yake ya ununuzi ya mwaka 2015, inatoa siku 14 za kufika mbele ya bodi ya mapitio. Miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia, na mabasi yaendayo haraka na metro zimo nyingi humo, huwa na kipindi cha kusubiri cha siku 10 za kazi. Angalia neno hilo "za kazi". Siku 10 za kazi ni wiki mbili kamili. Siku 10 za kalenda zinaweza kumezwa nusu na sikukuu.

Mimi nililipa ada ya somo hili. Tulikuwa tumeomba kazi ya kusafisha mabasi, na kwenye jedwali la alama tulikuta kosa la kujumlisha lililo wazi kabisa, la kuonyesha kwa kidole. Tukaandika lalamiko zuri, tukalituma kwa barua pepe siku ya mwisho saa kumi na moja jioni. Nyaraka za zabuni zilisema ofisi inafungwa saa kumi, na kinachofika baada ya hapo kinahesabiwa kimepokelewa siku inayofuata. Lalamiko likatupwa bila kusomwa. Hakuna aliyebisha kuhusu hesabu; hakuna aliyeifikia.

Hatua ya 2: Tambua unapinga kitu gani

Malalamiko yako ya aina mbili kubwa, na kila moja ina mlango wake na muda wake.

Ya kwanza ni dhidi ya masharti yenyewe. Tuseme nyaraka zinataka injini ya chapa moja bila kuongeza maneno "au inayolingana nayo", au zinataka mzabuni awe ameendesha mabasi 300 wakati kazi inayoombwa ni ya mabasi 40. Kosa la namna hii unalipinga kabla ya siku ya kufungua zabuni. Ndivyo inavyosema sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu ununuzi wa umma ya mwaka 2011, na ndivyo zinavyosema sheria nyingi zilizoifuata. Chini ya kanuni za Benki ya Dunia, lalamiko kuhusu nyaraka linatakiwa lifike angalau siku 10 za kazi kabla ya tarehe ya kurudisha zabuni. Ukinyamaza, ukaweka zabuni, ukashindwa, kisha ukaanza kusema masharti yalikuwa ya upendeleo, jibu utakalopewa unalijua: uliyasoma, ukayakubali, ukashindana.

Najua kwa nini watu hunyamaza. Hakuna anayependa kuonekana msumbufu kabla hata alama hazijatolewa. Njia ya kati ipo: uliza swali rasmi la ufafanuzi kupitia anwani iliyotajwa kwenye nyaraka. Swali hilo na jibu lake hutumwa kwa wazabuni wote bila kukutaja jina, na linabaki kwenye jalada. Jibu likija bovu, unakuwa umeshapata kielelezo chako cha kwanza.

Aina ya pili ni dhidi ya uamuzi: umeondolewa kwenye hatua ya awali, umepewa alama chache, mshindi hakustahili, au zabuni nzima imefutwa ghafla. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu aina hii.

Hatua ya 3: Gonga mlango ulio sahihi

Karibu kila mahali mlango wa kwanza ni shirika lenyewe, kwa mkuu wake au ofisa aliyetajwa kupokea malalamiko. Watu hudharau hatua hii wakisema huwezi kumshtaki mtu kwake mwenyewe. Lakini pale sheria inapoilazimisha, ukiiruka utarudishwa, na ukirudi utakuta muda umepita. Kuna nchi nyingine zinakuruhusu uende moja kwa moja kwenye bodi huru ya rufaa au mahakama. Soma sehemu ya nyaraka za zabuni inayoitwa Maelekezo kwa Wazabuni. Jibu liko humo, kwa kawaida karibu na mwisho ambako watu wamechoka kusoma.

Marekani ndiko wengi wanakopotea. Shirika la usafiri la jiji linanunua mabasi kwa fedha za serikali ya shirikisho zinazopitia FTA, mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa umma. Mzabuni aliyesikia habari za malalamiko makubwa ya zabuni za jeshi anakimbilia GAO, ofisi ya uwajibikaji ya serikali. Huko si kwake. GAO husikiliza malalamiko juu ya manunuzi ya taasisi za shirikisho, na shirika la usafiri la jiji si taasisi ya shirikisho hata kama fedha zimetoka huko. Kanuni za ruzuku zinasema mpokeaji wa fedha ndiye mwenye jukumu la kumaliza masuala ya tathmini, malalamiko na migogoro ya mikataba yake. Kwa hiyo mlango ni utaratibu wa maandishi wa shirika lile lile, kisha mahakama za jimbo. FTA haikai kusahihisha alama za kamati ya tathmini kama mwalimu wa pili.

Funzo lake linafaa hata nje ya Marekani: uliza nani amenunua, halafu nani amelipia. Aliyelipia anaweza kuwa na kanuni zake za ziada, na hizo huwa juu ya za mnunuzi, lakini mlango wa kuanzia huwa ni wa mnunuzi.

Hatua ya 4: Omba maelezo, na uombe kwa maandishi

Kabla ya kulalamika unahitaji kujua umeshindwaje. Omba kikao cha maelezo au barua ya sababu mara moja, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Kwa miradi ya Benki ya Dunia una siku 3 za kazi tu za kuomba, na mnunuzi naye ana siku 5 za kazi za kukupa. Kwingine muda haukutajwa, na hapo ndipo watu hulala.

Omba vitu kwa majina yao: alama zako kwa kila kigezo na kigezo kidogo, maoni ya wakaguzi yaliyoandikwa dhidi ya kila alama, alama za jumla za mshindi, faida za zabuni yake ikilinganishwa na yako, na kumbukumbu za kikao cha kufungua zabuni. Hutapewa kila kitu. Siri za biashara za mshindi, kama mchanganuo wa gharama zake au michoro yake, zitafichwa, na wewe ungetaka zako zifichwe vilevile. Ukinyimwa, omba wakutajie kwa maandishi ni kifungu gani kinachowaruhusu kukunyima.

Kwenye kikao chenyewe nenda na watu wawili, mmoja wa kuongea na mmoja wa kuandika. Usibishane. Ukibishana wanafunga midomo, na ulikwenda kuchukua maneno yao. Ofisa akisema "kamati iliona karakana yenu iko mbali na njia", andika maneno hayo hayo, na jioni fungua nyaraka uone kama umbali wa karakana ulikuwa kigezo. Kama haukuwemo, umeshapata hoja.

Na tahadhari moja hapa: kuomba maelezo hakusimamishi siku za kulalamika, isipokuwa pale ambapo sheria imesema hivyo waziwazi. Maelezo yasipokuja kwa wakati, wasilisha lalamiko kwa ulichonacho na useme utaongeza yatakapofika.

Ile simu kwa ofisa unayemfahamu sasa. Nyaraka nyingi za zabuni zinakataza mawasiliano yoyote na watumishi au wajumbe wa bodi ya shirika nje ya anwani iliyotajwa, mpaka mkataba usainiwe. Ukivunja, unaweza kuondolewa hata kama hoja yako ilikuwa safi.

Hatua ya 5: Tafuta kosa

Hapa ndipo kazi ilipo. Mamlaka za rufaa na majaji hawapendi kukaa kwenye kiti cha kamati ya tathmini. Ukisema "tulistahili 9, si 7", watakujibu hiyo ni kazi ya wataalamu. Siemens, kampuni inayounda treni, ililiona hilo Uingereza: ilipinga zabuni ya treni za mradi wa reli ya HS2, yenye thamani ya karibu pauni bilioni 2, iliyokwenda kwa muungano wa Alstom na Hitachi. Kesi ilikuwa nzito, hoja zilikuwa nyingi, na Novemba 2023 Mahakama Kuu ikazitupa.

Kinachosimama ni kosa la utaratibu au la hesabu unaloweza kulionyesha kwenye karatasi. Kamati imetumia kigezo ambacho hakikuwa kwenye nyaraka. Mshindi ameruhusiwa kuleta cheti kilichokosekana baada ya kufungua, na wewe ukaondolewa kwa kukosa cheti kama hicho. Sharti la lazima halikutimizwa na mshindi. Mjumbe wa kamati ana hisa kwa mmoja wa wazabuni. Bei ya chini kupita kiasi haikuhojiwa wakati sheria ilitaka ihojiwe. Na hesabu: kujumlisha, kuzidisha, kubadili fedha, kuingiza mfumuko wa bei.

Usidharau hesabu. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba FirstGroup imeshinda haki ya kuendesha treni za njia kuu ya pwani ya magharibi, na Virgin, iliyokuwa ikiiendesha njia hiyo, ikafungua kesi. Oktoba 3 mwaka huo serikali yenyewe ikafuta uamuzi. Wakati wa kujiandaa na kesi iligundulika kwamba wizara ilikuwa imekosea namna ya kukokotoa kiasi cha mkopo wa tahadhari ambacho wazabuni walitakiwa kuweka, na suala la mfumuko wa bei lilikuwa sehemu ya kosa hilo. Wazabuni wote wanne wakaahidiwa kurudishiwa gharama zao za kuandaa zabuni, zilizokadiriwa kufika pauni milioni 40. Waliofanya kosa hilo walikuwa watu wa wizara, wenye washauri.

Kwenye usafiri wa umma kuna mtego wa hesabu unaojirudia, nao ni kilomita tupu. Tuseme basi moja linatembea kilomita 240 kwa siku. Kati ya hizo, 40 ni za kutoka karakana kwenda kuanza njia na kurudi usiku, bila abiria. Gharama ya siku ni 480 za fedha yoyote unayotumia. Ukigawanya kwa 240 unapata 2.00 kwa kilomita. Ukigawanya kwa 200, zile zenye abiria tu, unapata 2.40. Basi ni lile lile, dereva ni yule yule, gharama ni ile ile, lakini mzabuni mmoja anaonekana nafuu kwa asilimia 17 kwa sababu amegawanya kwa namba kubwa. Kama nyaraka zilisema bei iwe kwa kilomita ya huduma, na mshindi amehesabu zote, una hoja. Kama nyaraka hazikusema, utaulizwa kwa nini hukuomba ufafanuzi mapema. Rudi hatua ya 2.

Makosa ya umbo nayo huangusha majitu. Mwaka 2021 shirika la reli la Austria, ÖBB, lilikuwa limeichagua Stadler ya Uswisi kwa mkataba wa treni za ghorofa wenye thamani ya takriban euro bilioni 3. Alstom ikapinga. Hoja iliyoshinda haikuhusu breki wala viti. Ilihusu saini: Stadler ilikuwa imetia saini ya kielektroniki ya Kiswisi, ambayo haikutambuliwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Mahakama ya shirikisho ya masuala ya utawala ikabatilisha uteuzi. Mwaka uliofuata Stadler ilirudi na kupata kazi ile ile, jambo ambalo mlalamikaji anapaswa kulifikiria kabla ya kulipa wakili. Kushinda lalamiko ni kitu kimoja, kupata mkataba ni kingine.

Hatua ya 6: Onyesha kosa hilo limekuumiza wewe

Hii huangusha malalamiko mengi yenye ukweli ndani yake. Haitoshi kosa kuwepo. Lazima kosa hilo liwe limekunyima nafasi halisi ya kushinda. Kama ulikuwa wa nne, na kosa liko kwenye alama za mshindi tu, akiondolewa yeye anapanda wa pili, si wewe. Utalazimika kuonyesha pia kwamba wa pili na wa tatu wana kasoro, au kwamba kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kulazimu zabuni irudiwe kwa wote.

Piga hesabu hiyo mezani kabla ya kumwita mtu yeyote. Alama zako zikirekebishwa unavyotaka, unafika wapi? Kama jibu ni "bado nimeshindwa kwa alama moja", tafuta hoja nyingine au funga jalada.

Hatua ya 7: Liandike kwa namna linavyosomwa

Atakayesoma ni mtu mwenye majalada mengine kumi mezani. Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Tumesikitishwa sana na matokeo haya. Kampuni yetu ina uzoefu wa miaka 15 na bei yetu ilikuwa nzuri sana. Tunaamini kulikuwa na upendeleo wa wazi na tunaomba haki itendeke."

La pili: "Kifungu cha 24.3 cha Maelekezo kwa Wazabuni kinatoa alama 2 kwa kila fundi mwenye cheti cha mifumo ya breki za hewa, mwisho alama 10. Zabuni yetu, ukurasa wa 61 hadi 65, ina vyeti vitano. Barua yenu inaonyesha tulipewa alama 4. Alama zilizopungua ni 6. Mshindi alitupita kwa alama 3.5. Tunaomba kigezo hiki kipitiwe upya, alama za jumla zirekebishwe, na utiaji saini wa mkataba usimame mpaka hapo."

La pili halina hata neno moja la uchungu, na kila sentensi inaweza kuhakikiwa na karani kwa dakika tano. Kazi kubwa inafanywa na ile fupi ya alama 3.5, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba kosa lilibadili mshindi. Nimeona malalamiko ya kurasa 30 yaliyokosa sentensi hiyo.

Mbali na hoja, lalamiko liwe na jina na anwani ya kampuni, namba ya zabuni, tarehe ya uamuzi unaopingwa na siku ulipoujua, vifungu vilivyovunjwa, vielelezo vilivyopewa namba, na unachoomba. Kwenye ombi usiseme "hatua stahiki zichukuliwe". Taja: tathmini irudiwe, mshindi aondolewe, zabuni itangazwe upya, au gharama zirudishwe. Neno "rushwa" liache nje kama huna karatasi. Kama unayo, hiyo ina vyombo vyake, nawe peleka huko sambamba.

Weka hoja zako zote mara moja, zenye nguvu zikitangulia. Sehemu nyingi hazikuruhusu kuongeza hoja mpya kwenye rufaa kama hukuitaja kwenye lalamiko la kwanza.

Hatua ya 8: Wasilisha, upate mhuri

Peleka kwa njia iliyotajwa. Kama nyaraka zinataka nakala ngumu, barua pepe peke yake haitoshi. Kama zinataka mfumo wa kielektroniki, usisubiri saa ya mwisho ambayo kila mtu anapakia faili. Lipa ada au weka dhamana ya lalamiko inapotakiwa, na ambatisha stakabadhi. Masijala wakigonga mhuri kwenye nakala yako, hakikisha una tarehe na saa, kisha ipige picha ukiwa bado dirishani.

Hatua ya 9: Mkataba usimame

Mkataba ukishasainiwa, hasa mabasi yakishaanza kuundwa, mamlaka nyingi hazitauvunja. Utabaki kudai fidia, na fidia mara nyingi haizidi gharama za kuandaa zabuni. Kwa hiyo jua kama lalamiko lako linasimamisha mkataba lenyewe, au unatakiwa kuomba amri ya zuio.

Uingereza ina mfano wa kukumbuka. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2025, una siku 30 za kufungua madai tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kosa. Lakini mkataba unasimama wenyewe tu ikiwa umefungua madai na kulijulisha shirika ndani ya kipindi cha kusubiri, ambacho ni siku 8 za kazi. Anayesoma "siku 30" akatulia, anafika siku ya 20 akiwa ndani ya muda wake kisheria, na mkataba umeshasainiwa.

Hata ukisimama, shirika linaweza kuomba kusimamishwa huko kuondolewe, na mashirika ya usafiri yana hoja kali: abiria. Treni za zamani zinaharibika, ratiba haisubiri. Mwaka 2018 Siemens ilipochaguliwa kutengeneza treni za njia ya Piccadilly huko London, mkataba wa pauni bilioni 1.5, washindani wake wakafungua kesi na mkataba ukazuiwa. Kabla mwaka haujaisha mahakama ikauachia, na ukasainiwa. Jibu la hoja hiyo liandae mapema: je, mkataba wa sasa unaweza kuongezwa miezi michache? Mwendeshaji aliyepo yupo tayari? Kama mwendeshaji aliyepo ni wewe, sema kwa maandishi kwamba utaendelea kwa bei ya sasa. Jaji husikiliza hilo kuliko kifungu chochote.

Hatua ya 10: Jibu linapokuja

Shirika litajibu, na mshindi naye kwa kawaida huruhusiwa kujitetea. Soma majibu yao ukitafuta kile wasichokigusa. Wakikaa kimya juu ya vyeti vitano na kuandika kurasa nne kuhusu uhuru wa kamati, kwenye nyongeza yako rudia swali la vyeti kwanza. Mamlaka nyingine zina muda wa kufanya uamuzi; bodi ya Kenya, kwa mfano, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 21. Kwingine ni miezi. Kikao cha mdomo kikiwepo, mpeleke mtu aliyeandaa zabuni akae karibu na wakili, maana swali la "hii namba imetoka wapi" litaulizwa, na wakili hatalijua.

Ukishindwa hapo, rufaa ina siku zake, nazo zimeanza tayari. Kabla ya kuendelea kaa na mhasibu: gharama za wakili, muda wa watu wako, na hatari ya kubebeshwa gharama za upande wa pili, dhidi ya faida ya miaka ya mkataba ikizidishwa na nafasi halisi ya kuupata.

Ukishinda, amri ya kawaida ni tathmini kurudiwa. Hapo itazame tena ile karatasi ya ukutani, mistari miwili ya chini. Zabuni zilikuwa na uhai wa, tuseme, siku 120. Lalamiko limekula 70. Kama zabuni yako au dhamana yake imekufa siku ambayo kamati inakaa upya, hakuna kitu chako cha kutathminiwa. Ombi la kuongeza muda likija, lijibu siku hiyo hiyo. Lisipokuja, andika wewe, ukiambatisha barua ya benki inayoonyesha dhamana imeongezwa.